UZI: Gegereka wa nchi kavu wanaosafiri na miche, ni nini hasa kinawazuia wasienee Nyanda za Juu Kusini?

#1 Kitalu_Uyole (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa miche zinaletwa humu picha zilezile: kidudu cha kijivu, urefu wake sentimita moja au pungufu, kimekutwa chini ya viriba au kwenye rundo la mboji, kikiguswa kinajikunja duara au kinakimbilia gizani. Majibu nayo ni yaleyale, ama "piga dawa" ama "huyo ni jongoo mchanga, achana naye". Nimeona tufungue uzi mmoja tulizungumze vizuri, maana swali lililo nyuma ya picha hizo ni kubwa kuliko kidudu chenyewe. Viumbe hawa wanaposafirishwa na watu kutoka bara moja hadi jingine, kwa nini wanashika mahali fulani na mahali pengine wanakufa? Na sisi wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa tuko upande gani?

Kwanza tumtambue. Hesabu miguu. Jongoo ana jozi mbili karibu kwenye kila pingili. Huyu ana jozi saba tu mwili mzima, na anapotoka kwa mama yake huwa na jozi sita. Ni gegereka, ndugu wa kaa, kamba na uduvi, wa kundi la isopoda. Duniani spishi zake za nchi kavu zinakaribia 4,000, na Afrika ina za kwake ambazo zimo misituni tangu zamani. Kwa hiyo ukimkuta mmoja usikurupuke kumwita mvamizi. Wataalamu hutenganisha spishi kwa kuangalia kwa hadubini viungo vidogo vilivyo chini ya tumbo la dume. Rangi ya mgongo haitoshi.

Wapo wachache ambao kweli wamezunguka dunia. Armadillidium vulgare asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, leo amejaa Amerika Kaskazini na yuko Australia. Porcellionides pruinosus, mpenzi wa samadi na mboji, yuko karibu kila bara wanakoishi watu. Sehemu kubwa ya isopoda unaoweza kuwaokota kwenye miji ya kaskazini mashariki mwa Marekani walitoka Ulaya. Hakuna aliyefika huko kwa miguu yake. Walibebwa kwenye udongo wa mimea na kwenye mawe na mchanga uliopakiwa merikebuni kuzipa uzito.

Sasa tuje kwenye mwili wake, kwa sababu jibu la swali letu limo humo. Mdudu halisi, tuseme mende, ganda lake limefunikwa na nta inayozuia maji yasitoke. Isopoda hana kinga hiyo. Anapumulia matamvua, vile vibamba bapa vilivyo chini ya tumbo, na matamvua yakikauka hayafanyi kazi. Spishi zilizopiga hatua, Porcellio na Armadillidium zikiwemo, zina vifuko vya hewa ndani ya vibamba hivyo. Mgeuze chali utaona madoa meupe, ndiyo hayo. Yanamsaidia kuvumilia hewa kavu kwa muda, lakini mchana kutwa juani hawezi. E. B. Edney, aliyewapima viumbe hawa miaka ya 1950, alionyesha kwamba kadiri hewa inavyokauka ndivyo wanavyopoteza maji kwa kasi, na kwamba spishi za sehemu kavu hupoteza polepole kuliko za ufukweni na za kwenye majani mabichi.

Lakini kwa kuzaa, bahari haina kamba tena shingoni mwake. Jike hubeba mayai ndani ya kifuko chenye majimaji chini ya kifua, watoto wanatoka humo wakiwa tayari kutembea. Linganisheni na kaa mkubwa wa minazi anayelindwa kisiwani Chumbe, Zanzibar: huyo anaishi nchi kavu maisha yake yote ya utu uzima, ila viluwiluwi vyake lazima viingie baharini. Hata ukimleta Mbeya kwa basi leo, hataacha uzao. Isopoda ataacha.

Kwa hiyo kizuizi chake kikuu ni kupoteza maji mwilini. Na hapa ndipo penye hoja ambayo naomba tuijadili: hali ya hewa inayomhusu siyo ile inayotangazwa redioni. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa kinatundikwa karibu kimo cha mtu, kivulini, hewa ikipita. Yeye anaishi chini ya jiwe, chini ya kiriba, ndani ya tandazo la majani ya mgomba. Mbeya mjini mwezi wa tisa vumbi linapeperuka, hewa imekauka hadi midomo inapasuka, na papo hapo chini ya kiriba kilichomwagiliwa asubuhi unyevu haujatoka. Kiangazi chetu, kuanzia Mei hadi Oktoba au Novemba, ndicho ukuta mrefu kuliko yote unaoweza kumzuia kiumbe wa namna hii. Tunachofanya kwenye vitalu, bustani na mashamba ya umwagiliaji ni kutoboa matundu kwenye ukuta huo.

Karibuni.

#2 Mwana_Makete

Mkuu, ahsante kwa uzi. Ukuta mrefu nadhani uko kwetu. Makete na kule Kitulo mwezi wa sita na wa saba unaamka asubuhi majani ni meupe kwa sakitu, viazi vinaungua. Mgeni wa kutoka nchi ya joto atapitaje hapo?

#3 Kitalu_Uyole (mleta mada)

Mkuu wa Makete, umegusa jambo zito. Ngoja nitoe mifano miwili ya huko nje kisha nirudi Kitulo.

Kuna gegereka mwingine wa nchi kavu, huyu ni amfipoda, anayeruka ukimfunua kwenye majani yaliyooza. Anaitwa Arcitalitrus dorrieni. Kwao ni mashariki mwa Australia, lakini wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1925 kutoka visiwa vya Scilly, kusini magharibi mwa Uingereza, ambako alikuwa ameshafika, bila shaka pamoja na mimea ya bustani. Tangu hapo amesambaa kusini magharibi mwa Uingereza na amefika Ireland. Hizo ni sehemu zenye mvua za mara kwa mara na majira ya baridi ya upole kwa sababu ya bahari. Bara la Ulaya kwa ndani, ambako udongo huganda, hajaliweza.

Mfano wa pili ni Trichorhina tomentosa, isopoda mdogo mweupe wa Amerika ya kitropiki. Ulaya yupo, ila ndani ya vitalu nyumba vinavyopashwa moto tu. Nje ya mlango hapati maisha. Na huyu majike huzaa bila dume, kwa hiyo tatizo lake huko halijawahi kuwa kukosa mwenza. Ni baridi.

Sasa Kitulo. Tambarare iko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari na sakitu ipo kweli. Lakini sakitu ya kwetu ni ya usiku mmoja mmoja: anga jeupe, joto la ardhi linapaa, alfajiri majani yanaganda, saa nne asubuhi jua limeshayeyusha. Sentimita chache chini ya udongo hapajaganda. Kinachowaua wageni wa kitropiki Ulaya ni udongo kuganda kwa wiki mfululizo. Isopoda akiganda mwili anakufa, ndiyo, lakini akipata ufa wa kushukia anashuka na kungoja. Baridi ya Kitulo kazi yake nyingine ni kupunguza kasi: anakula kidogo, anakua polepole, mayai yanachukua muda kukomaa. Kwa hiyo mgeni aliyetoka Ulaya yenyewe, sakitu ya Makete isimtishe sana. Wa kutoka pwani ya joto ndiye itakayemshinda.

#4 Mwl_Biolojia_Gangilonga

Kamwene wakuu. Mleta mada kaeleza vizuri, naomba kuongeza mambo mawili ambayo wengi huyaruka.

La kwanza ni chokaa. Ganda la gegereka limejengwa kwa kalisi kabonati, na ganda hilo anajivua maisha yake yote. Isopoda hujivua kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza, ya mbele baadaye. Kabla ya kujivua anavuta kalisi kutoka kwenye ganda kuukuu na kuihifadhi kwenye vibamba vya kifuani, ukimgeuza siku hizo unaviona vimekuwa vyeupe. Kisha mara nyingi anakula ganda alilolivua. Kiumbe anayebana kalisi hivyo hawezi kustawi popote tu. Uingereza Armadillidium vulgare ni wa kawaida zaidi kwenye ardhi ya mawe ya chokaa upande wa kusini na mashariki, na anakuwa haba ukielekea kaskazini.

Jamaika kuna kaa mdogo, Metopaulias depressus, anayelea watoto kwenye maji yanayotuama katikati ya majani ya mmea. Maji hayo ni ya tindikali na kalisi yake ni kidogo, basi mama huingiza humo magamba matupu ya konokono mpaka maji yafae. Nikiwasimulia wanafunzi hilo darasa zima linanyamaza.

Turudi kwetu. Mufindi na Njombe udongo wa sehemu nyingi ni wa tindikali, mvua imeosha madini kwa muda mrefu. Chai inapenda hivyo. Isopoda wa ganda nene hapendi. Songwe kinyume chake kuna mawe ya chokaa, ndiyo yanayochimbwa kwa saruji na kuchomwa chokaa. Kwa hiyo ramani ya hatari siyo ramani ya mvua peke yake.

La pili ni urefu wa siku. Armadillidium vulgare wa Ulaya huanza kuzaa siku zinaporefuka, joto nalo likisaidia. London siku ndefu kuliko zote inazidi saa 16 na fupi kuliko zote haifiki 8. Mbeya tofauti ya siku ndefu na fupi ni kama saa moja tu. Kiumbe aliyezoea kusoma kalenda kwa jua akiletwa huku, ishara aliyoitegemea ni hafifu sana.

#5 Mama_Parachichi

Mwalimu umenishtua kidogo. Mimi niko Njombe, afisa ugani alinishauri niweke chokaa ya kilimo kwenye mashimo ya parachichi kwa sababu udongo wangu ni mchachu. Nimeweka, na nimetandaza majani miti yote, na nina matone ya umwagiliaji. Kwa maelezo yenu nimewatengenezea kila kitu wanachotaka. Wanakula mizizi? Niambieni ukweli wanangu.

#6 Kitalu_Uyole (mleta mada)

Shikamoo mama. Chokaa usiiache, tandazo usiliondoe. Parachichi inahitaji vyote viwili, na faida yake kwako inapita mbali hasara yoyote ya vidudu hivi.

Chakula chao ni vitu vilivyokufa: majani yaliyoanza kuoza, samadi, vipande vya mbao laini, ukungu unaoota humo. Mti wa parachichi uliokwisha kushika hawauwezi. Kinachoweza kuguswa ni mche mchanga sana, shina likiwa bado laini na idadi yao ikiwa kubwa mno. Mfano ninaoujua uko Argentina, kwenye soya. Wakulima kule waliacha kulima kwa jembe, wakaanza kupanda moja kwa moja juu ya mabaki ya mazao, njia nzuri kwa udongo. Mabaki yakawa kivuli na unyevu wa mwaka mzima, na Armadillidium vulgare, ambaye kwao si pale, akaongezeka mpaka akawa anakata miche. Jua na upepo wa shamba tupu vilikuwa vinamzuia. Mabaki yakaondoa kizuizi.

Kwa hiyo mama, kwenye miche tu: acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya tandazo na shina. Shina likae kwenye udongo mkavu kwa juu. Utakuwa umemzuia na fangasi wa shina pia.

#7 Mbuni_Mbozi

Swali fupi. Sisi kwenye kahawa tunapuliza dawa za kopa (shaba) kila mwaka kwa ajili ya ugonjwa wa chulebuni. Zinawazuia hao?

#8 Mwl_Biolojia_Gangilonga

Mkuu wa Mbozi, damu ya gegereka hubeba oksijeni kwa kutumia kopa, tofauti na yetu inayotumia chuma. Kwa hiyo kopa anaihitaji, na ya ziada anaifungia kwenye tezi yake ya kumeng'enyea chakula. Isopoda wanajulikana kwa kulimbikiza kopa kuliko wanyama wengi wa udongoni. Ikizidi sana kwenye majani wanapunguza kula na kukua. Lakini kopa haimuui tu yeye, inakaa udongoni na kuumiza minyoo na viumbe wengine. Usiitegemee kuwa kinga dhidi ya kitu hiki.

#9 Mzee_wa_Mboji

Mimi nina mashaka na uzi huu. Natengeneza mboji Tukuyu kwa muda mrefu, vidudu hivi vimo kwenye lundo langu na vinanifanyia kazi. Vinasaga majani magumu, kinyesi chao kinakuwa mboji. Mkiwaita wavamizi vijana watakwenda kununua sumu na kuua udongo wao. Nimeona watu wakimwaga dawa ya mchwa kwenye mboji kwa sababu ya picha za mtandaoni. Andikeni kwa uangalifu.

#10 Kitalu_Uyole (mleta mada)

Shikamoo mzee. Naunga mkono kila neno kuhusu sumu, na ndiyo maana nilianza na tahadhari kwamba si kila unayemkuta ni mgeni. Kwenye lundo la mboji kazi yao ni njema, awe wa hapa au wa Ulaya. Wakuu, asiwepo mtu wa kumwaga dawa kwa sababu ya uzi huu.

Wasiwasi wangu uko kwenye msitu. Tukuyu kwenu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, kiangazi chenyewe kina ukungu na manyunyu. Ule ukuta ninaousema Uyole, kwenu ni mfupi sana, na ukipanda Mlima Rungwe, ukaingia msitu wa mawingu, karibu haupo. Mgeni wa unyevu akifika ukingoni mwa msitu ule ameshavuka kila kitu kigumu. Ndani humo kuna viumbe wasiopatikana kwingine. Nyani aina ya kipunji alitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, mnyama mkubwa wa kuonekana kwa macho. Hao wadogo wanaoishi kwenye majani yaliyooza ni nani amewahesabu?

Nikupe mfano wa mahali walipochelewa. Kisiwa cha St Helena, katikati ya Atlantiki, kina isopoda wa manjano mwenye miiba mgongoni, Pseudolaureola atlantica. Anaishi kwenye vilele vya ukungu tu, juu ya mikangaga na mimea ya asili. Chini ya hapo ni pakavu kwake, hawezi kushuka. Msitu wake ulikatwa, mimea na wadudu wageni wakaja, na sasa amebaki kwenye vipande vidogo, ni miongoni mwa wanyama walio hatarini sana duniani. Hali ileile ya unyevu inayomfanya mgeni asisambae inamfunga mwenyeji mahali pamoja. Mgeni akishindwa kilele hiki atabebwa na kiriba kwenda kingine. Mwenyeji hana wa kumbeba.

#11 Mzee_wa_Mboji

Hapo nimekuelewa, mwanangu. Ndaga fijo. Sikuwa nimelitazama upande wa msitu. Na ni kweli watu wa kwetu wanamwaga udongo wa viriba vilivyokufa pembeni ya hifadhi, nimeshuhudia.

#12 Ubaruku_Mpunga

Salaam kutoka Mbarali. Huku Usangu naona tuko salama, joto kali, mvua kidogo, kiangazi nyasi zote zimekauka. Hata nzi wanatafuta kivuli.

#13 Kitalu_Uyole (mleta mada)

Kwenye mbuga iliyo wazi, ndiyo. Usangu ni pagumu kwake kuliko Mbeya mjini, na pagumu mno kuliko Rungwe. Lakini mkuu, tembea ukingo wa mfereji wa umwagiliaji mwezi wa tisa, funua pumba na mabua yaliyolundikwa karibu na mashine ya kukoboa ambapo maji yanavuja. Pale pana mkanda wenye unyevu, kivuli na chakula, umenyooka kilomita na kilomita. Jangwa la pande zote halimgusi akiwa ndani ya mkanda huo.

Kuna isopoda wa jangwani kweli, Hemilepistus reaumuri, wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati. Anaishi mahali ambapo mwenzake yeyote angekauka kabla ya mchana. Mwili wake haujabadilika sana kiasi hicho. Anachimba shimo refu mpaka penye mchanga wenye unyevu, dume na jike wanalilinda pamoja, familia nzima inatambuana kwa harufu na mgeni hafunguliwi. Hapo mtaona maana ya ninachosema: hata jangwani hajaishi kwenye hewa ya jangwa.

Na mafuriko nayo yanaua. Jaruba lililojaa maji si makazi, atazama. Amfipoda wale wanaoruka hali yao ni mbaya zaidi kwenye maji mengi: mvua kubwa ikiloweka udongo huko California wanatoka kwa wingi, wanaingia ndani ya nyumba, na sakafuni wanakauka na kugeuka wekundu. Unyevu wanaoutaka una kipimo chembamba, ukipungua wanakufa na ukizidi wanakufa.

#14 Mpakani_Tunduma

Mimi naomba mtoke kidogo kwenye hao wadogo. Wazambia wanazungumzia kamba wakubwa wa maji baridi wenye makucha, wanakata nyavu na kula samaki waliokamatwa. Wanaweza kutufikia? Huku juu si kuna baridi?

#15 Kitalu_Uyole (mleta mada)

Swali zuri mno, na nitakaa nalo kidogo.

Unaowasikia ni Cherax quadricarinatus, asili yake kaskazini mwa Australia na Papua Guinea Mpya. Aliletwa kwa ufugaji, akatoroka, sasa yuko bonde la Kafue na Ziwa Kariba. Huyu ni wa majini, ingawa hutambaa nchi kavu umbali fulani usiku wa mvua. Anapenda maji ya joto, kwenye maji baridi haendelei kuzaa. Mito yetu inayoshuka kutoka Rungwe, Kipengere na Kitulo ni baridi, kwa huyo mmoja naamini inasaidia. Kyela na mwambao wa Ziwa Nyasa sina imani hiyo, kule maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima.

Lakini msishike sana neno "huku juu kuna baridi". Tazameni Ziwa Naivasha, Kenya. Liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Mbeya mjini. Mwaka 1970 waliingizwa humo kamba wekundu wa kinamasi kutoka Marekani, Procambarus clarkii. Walishika. Wakazaana, wakala mimea ya majini mpaka sehemu kubwa ikatoweka, ikawa mpaka wavuvi wanawauza. Kimo cha ardhi hakikuwazuia hata kidogo, kwa sababu huyo Procambarus anastahimili baridi na maji yanayokauka. Anachimba shimo kwenye tope na kungoja. Wawili hawa mtu wa kawaida atawaona ni walewale, na mipaka yao ni tofauti kabisa. Anayetaka kuleta kamba wa kufuga bwawani, tafadhali sana, asijifariji kwa baridi ya Mbeya.

Kaa wetu wa mitoni ni habari nyingine, hao ni wenyeji, wa kundi la Potamonautes. Watoto wao wanatoka kwenye yai wakiwa kaa kamili, hawahitaji bahari, ndiyo maana wako milimani. Usambara ya Mashariki yupo hata anayeishi kwenye maji yaliyotuama ndani ya mashimo ya miti.

#16 Mdadisi_Mafinga

Mleta mada, kuna kitu hakijakaa sawa kichwani mwangu. Nilisoma kwamba isopoda wachache wakiwa peke yao hukauka haraka, wakirundikana wanapona. Kama ni hivyo, wawili watatu kwenye kiriba kimoja hawawezi kuanzisha kitu. Mbona wameenea dunia nzima?

#17 Mwl_Biolojia_Gangilonga

Nimjibu mkuu wa Mafinga. Unachokisema kilichunguzwa na Warder Allee wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika mwaka 1926 kuhusu isopoda wanavyorundikana na jinsi kurundikana kunavyopunguza upotevu wa maji. Wazo lake kwamba wanyama wakiwa wachache mno wanadhoofika ndilo leo wanaikolojia wanalitumia kueleza kwa nini wageni wengi hufa kimyakimya baada ya kufika.

Ila nguvu ya kurundikana inahitajika zaidi hewa ikiwa kavu. Ndani ya udongo wenye unyevu wachache wanaweza kuishi bila msaada huo. Halafu jike wa Armadillidium huhifadhi mbegu za dume mwilini, anaweza kutoa uzao zaidi ya mmoja baada ya kupandwa. Jike mmoja mwenye mimba kwenye kiriba kinachomwagiliwa anatosha. Jike huyohuyo ukimdondosha kwenye shamba la mahindi lililovunwa Ismani mwezi wa nane, hata akiwa na wenzake kumi, jioni hawapo.

#18 Mdadisi_Mafinga

Sawasawa, sasa imekaa. Kwa hiyo umwagiliaji wa kitalu ndio unaomaliza ile shida ya uchache. Na misitu yetu ya kupandwa ya Sao Hill, misindano na mikaratusi? Majani yapo chini mengi sana.

#19 Kitalu_Uyole (mleta mada)

Mengi lakini si chakula kizuri. Majani mabichi ya mkaratusi na sindano za msindano yana kemikali zinazowakatisha tamaa, hawayagusi mpaka mvua na ukungu viyalainishe kwa miezi. Mikaratusi pia inanyonya maji ya juu na kivuli chake ni chembamba, kiangazi majani yanalia chini ya mguu. Nadhani shamba la miti ni daraja baya kwao. Mabonde yaliyo kati ya mashamba hayo, yenye miti ya asili na chemchemi, ndiyo ya kuangalia.

Kwa wenye vitalu, haya ndiyo ninayoyafanya na ninayowaomba. Miche ikae juu ya vichanja, isilale ardhini. Chini ya kichanja pakauke. Kuzunguka kitalu acha ukanda uliofagiwa, usio na nyasi wala majani, unaopigwa na jua: hatua chache za ardhi tupu kiangazi ni bahari kwake. Miche ikitoka mkoa mwingine, inua kila kiriba utazame kitako chake kabla hujakipanga na vingine. Mwagilia asubuhi ili juu pawe pamekauka usiku unapoingia, kwa maana usiku ndipo anapotembea. Udongo wa viriba vilivyokufa utandaze juani juu ya bati au turubai mpaka ukauke kabisa ndipo uutumie tena, na usiumwage kando ya msitu wala bondeni. Hakuna sumu hata moja humo, mzee wa Tukuyu ataniunga mkono.

#20 Mama_Parachichi

Nimetoka shambani sasa hivi, nimeinua tandazo kwenye miti michache. Wapo wachache kwenye mti ulio karibu na tenki linalovuja, kwingine sijaona hata mmoja. Nimemwambia kijana atengeneze tenki kesho.

#21 Mdadisi_Mafinga

Mama, ungeweza kumweka mmoja kwenye chupa yenye jani bichi kidogo, apigwe picha upande wa tumboni? Mwalimu wa Gangilonga ana hadubini shuleni. Mimi nitapita vitalu vya Mafinga na Nyololo mvua za kwanza zikinyesha, nitaleta za kwangu humuhumu.

#22 Mwl_Biolojia_Gangilonga

Hadubini ipo. Leteni madume na majike, wasiopungua watano kwa kila sehemu, na muandike kwenye karatasi walikutwa chini ya nini na kama panamwagiliwa. Hilo la mwisho msilisahau, bila hilo picha hazitusaidii.